Barua Saba za Mkono Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini niliangusha dosye ya mtu, yaani jalada lenye karatasi zake zote, kwenye matope. Ninaanza na hilo kwa sababu wajukuu zangu wanadhani nilizaliwa na muhuri mkononi. Nilikuwa kijana mwenye suruali moja ya maana, nimeajiriwa kuwa karani katika ofisi ya uandikishaji ya chuo chetu cha juu hapa Kasongo. Nilivuka uwanja nimebeba majalada hadi kidevuni, ili watu waone kwamba nimepata kazi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na jalada la juu likateleza.

Mkubwa wangu alikuwa Apariteri wa chuo. Kwa ninyi vijana mnaosoma haya: apariteri ndiye anayepokea dosye za wanaoomba nafasi, anazikagua karatasi kwa karatasi, anaandika majina katika daftari kubwa na kutoa kadi za wanafunzi. Hafundishi wala hasahihishi mitihani, lakini hakuna anayeingia darasani bila kupita mezani kwake. Mzee yule hakunifokea. Alizitoa karatasi zilizolowa moja moja, akazianika dirishani, kisha akasoma jina.

"Huyu mutu iko Nyangwe," akasema. "Chukua baiskeli. Utaenda kumuambia wewe mwenyewe kama umechafua cheti yake."

"Leo, Mukubwa?"

"Unataka ajue siku masomo inaanza?"

Nilifika Nyangwe nikiwa na matope hadi magotini. Mwenye dosye alikuwa msichana aliyekuwa akianika samaki pamoja na mama yake. Nilipomweleza, alicheka. Baba yake hakucheka. Alinishika mkono kama mwizi, akanipeleka kwa mkuu wa shule, na cheti kikaandikwa upya huku nimesimama. Nilirudi Kasongo kesho yake, siwezi kukaa kwa maumivu ya tandiko la baiskeli. Tangu siku hiyo sijabeba dosye zaidi ya nne kwa mara moja.

Dosye kamili ilikuwa na vitu vitano. Kwanza diploma ya Leta, yaani cheti cha mtihani wa taifa mwishoni mwa sekondari. Pili, buletini za miaka miwili ya mwisho, zenye alama za kila somo. Tatu, cheti cha kuzaliwa. Nne, picha mbili. Nisameheni nikicheka hapo. Mpiga picha wa Kabambare alikuwa na shati jeupe moja la kuazimisha, lenye doa la wino mfukoni. Kwa miaka mingi nililiona doa lile likiingia ualimu, likiingia kilimo, likiingia saikolojia, kila mara chini ya uso mwingine.

Kitu cha tano kilikuwa barua ya mkono. Mwombaji aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake, akaeleza kwa nini anaomba nafasi. Seksio nyingine, yaani idara za chuo, ziliisoma haraka haraka. Seksio ya Saikolojia ndiyo iliyoipima sana. Saikolojia ni elimu ya nafsi na mwenendo wa mtu, wanafunzi wanaiita "psiko", na wazee wetu waliiogopa. Mkulima mmoja aliyemsindikiza mwanawe alinivuta pembeni akaniuliza, "Papa, akimaliza hii masomo, atarudi muzima?" Nikamwambia atarudi mzima, ila atakuwa na maswali mengi.

Mkuu wa Seksio hiyo alikuwa mtu mfupi aliyefuta miwani yake kwa tai. Alikuwa akisema: "Asiyeweza kujieleza kwa mkono wake mwenyewe, atamsikilizaje mwingine?" Kwa hiyo sheria ilikuwa wazi. Barua ikiwa ya mwandiko wa mtu mwingine, dosye inakataliwa, na hakuna mjadala.

Miaka ikapita. Siku moja Katibu Mkuu wa Masomo, mama aliyekuwa wa pili katika chuo na msimamizi wa mambo yote ya ufundishaji, akaniita. "Tunafungua ofisi ndogo Kabambare," akasema. "Watoto wa kule wanatembea siku tatu kuleta karatasi. Utaenda wewe. Ukifanya vizuri, kiti cha Apariteri ni chako siku mzee atakapopumzika." Mke wangu alilia kidogo, kisha akafunga masufuria yake.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mpunga. Panya walikuwa wengi kuliko waombaji, kwa hiyo dosye zililala ndani ya masanduku ya bati. Watu wa Kabambare walianza kuniita Papa Apariteri ingawa sikuwa apariteri bado. Sikuwasahihisha. Jina lilinipendeza.

Mwaka wa pili, mwenye pikipiki kutoka Wamaza alinishushia dosye saba, zote za saikolojia. Nikazipokea, nikaandika majina daftarini, kisha nikakaa kusoma barua. Ya kwanza ilikuwa ya kijana aliyesema kwamba bibi yake, tangu miaka ya kukimbia vita, analala na viatu miguuni. "Nataka kujua namna ya kumwambia kwamba sasa anaweza kuvivua." Ya pili ilikuwa ya kijana mwenye hasira za haraka, aliyewahi kumpiga mdogo wake hadi akaogopa mikono yake mwenyewe. Alitaka kujua hasira inatoka wapi kabla hajawa baba. Nilikuwa nimezoea barua zinazoahidi kuendeleza taifa. Hizi ziliniweka kitini hadi chai ikapoa.

Kwenye barua ya tatu ndipo nilipoona. Herufi ya k ilikuwa na mkia mrefu, na mistari ilipanda kidogo kuelekea juu, kama njia ya kilimani. Nikarudi kwenye ya kwanza, nikafungua ya saba. Barua zote saba zilitoka mkono mmoja.

Muhuri wa kukataa ulikuwa mezani, na siku ya mwisho ya kupokea dosye ilikuwa keshokutwa. Nilipaswa kuupiga mara saba, nifunge ofisi, niende kula. Badala yake nikautia mfukoni, nikachukua barua zile, nikapanda pikipiki kwenda Wamaza.

Haikuwa kazi kumpata mwandishi. Nilipoonyesha barua sokoni, mtu wa kwanza akasema, "Ile ni mukono ya Mama Mwajuma." Nilimkuta uani akimenya karanga, mwanamke wa miaka thelathini hivi, watoto wawili wakicheza kando. Alikuwa na diploma ya Leta, lakini baada ya kuipata aliolewa, akafiwa, akarudi shambani kwa wazazi. Watu walimletea barua zao awaandikie, wakamwachia kikapu cha karanga au mchele.

"Mama, hizi barua ni wewe umeandika?"

Alipangusa mikono, akazitazama, akakubali. "Njo mimi, Papa. Nimekosea wapi?"

"Haukukosea kitu. Lakini sheria inasema kila mutu aandike kwa mukono yake."

"Najua. Niliwaambia wakopie. Lakini kila mutu akikopia, anaondoa ile maneno ya kwao, anatia maendeleo ya taifa. Wanasikia haya. Njo nikaona nitume ya kwangu."

Nikamuuliza anawauliza nini hata waseme mambo kama yale.

"Siwaulize juu ya masomo," akasema. "Ninauliza: kwenu nyumbani, nani haiko anacheka tena? Kisha ninanyamaza."

Nilikaa juu ya gunia la karanga nikiwaza watu walioacha kucheka, muhuri ukinichoma pajani. Nikamwambia aniitie wale saba. Tuliomba darasa katika shule ya msingi, nikawagawia karatasi, kila mmoja akanakili barua yake neno kwa neno, nami nikipita kati ya madawati kama msimamizi wa mtihani. Aliyetaka kuruka sentensi, niliiwekea kidole. Yule wa viatu vya bibi alikwama pale penye viatu. Sikumharakisha. Mwishowe akaandika.

Sasa niseme kosa langu, maana kumbukumbu zisizo na kosa ni hotuba. Dosye ikishapokelewa na jina likiandikwa daftarini, haiguswi tena. Mimi nilitoa barua saba, nikatia barua saba. Zile za Mwajuma nilipaswa kuzichoma, nikashindwa, nikazificha chini ya sanduku langu la nguo. Vijana wote saba walipata nafasi.

Kabla ya kuondoka Wamaza nilimwambia Mwajuma aombe nafasi yeye mwenyewe. Alicheka. "Mimi, Papa? Diploma yangu imekaa kwa sanduku miaka mingi. Na ya kwangu, nani ataiandika?" Nilidhani ni utani.

Mwaka uliofuata dosye yake ikaja, vitu vyote vitano, na pichani amelivaa lile shati lenye doa la wino juu ya kitenge. Nikafungua barua kwa hamu. Ilikuwa na mistari miwili. "Ninaomba nafasi ya kusoma saikolojia. Ninaahidi kufuata sheria za chuo." Kinyozi hajinyoi.

Nilipokwenda Kasongo kwenye kikao cha kupokea waombaji, nilizibeba zile barua saba katika mkoba. Kazi yangu kikaoni ilikuwa kusoma majina na kuandika uamuzi, sikuwa na sauti. Mkuu wa Seksio akafika kwenye dosye ya Mwajuma. Nafasi ilikuwa imebaki moja.

"Ndani ya barua hii hakuna mtu," akasema, na kuiweka upande wa waliokataliwa.

Mzee wangu Apariteri alikuwa pale pale, ameshaomba kupumzika. Nilijua kiti chake kinaningoja. Nilijua pia kwamba Mwajuma hataomba mara ya pili. Nikasimama. "Wakubwa, naomba ruhusa," nikasema, na kuziweka barua saba mezani.

Mkuu wa Seksio alisoma ya kwanza, akafuta miwani. Alisoma ya pili. Kwenye ya tatu hakuirudisha miwani usoni. "Huyu wa viatu ni mwanafunzi wangu," akasema. "Na ile barua iliyo ndani ya dosye yake?"

"Alinakili mbele yangu, baada ya mimi kuipokea dosye. Aliyemsikiliza na kumwandikia ni huyu mama."

Katibu Mkuu wa Masomo aliweka kalamu chini. "Unajua ulichosema sasa hivi?"

"Ninajua, Mama."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Mkuu wa Seksio aliichukua dosye ya Mwajuma kutoka upande ule, akaihamisha upande wa pili. Vijana saba hawakuguswa, walikuwa wameshafaulu mitihani yao. Mimi nilipewa barua ya karipio, nikarudishwa Kasongo kutunza majalada ya zamani, na kiti cha Apariteri kilikwenda kwa mwingine. Iliniuma, nisiwadanganye. Mzee alipokuwa akiniaga aliniambia tu, "Ulifika Nyangwe, ukarudi." Nilijifungia katika chumba cha majalada nikalia.

Lisansi ya saikolojia, yaani shahada ya kwanza, ni miaka mitatu. Mwajuma alikuja na mtoto wake mdogo mgongoni, na asubuhi za masomo mke wangu alikaa naye. Takwimu zilimtesa. Alikuja kwenye chumba changu cha majalada na silabusi, yaani kitabu cha maelezo ya mwalimu, akisema, "Papa, hii hesabu inataka kuniua." Sikuweza kumsaidia hesabu. Nilimpa stuli na ukimya, na mwaka wa pili akafaulu. Staji, yaani mazoezi ya kazi, aliifanya katika kituo cha afya, na muuguzi mkuu wa pale aliniambia kwamba wagonjwa walikuwa wanasubiri zamu yake. Leo anafanya kazi Wamaza, kwenye kituo kidogo cha afya. Bibi wa viatu alifariki mwaka jana. Mjukuu wake aliniambia alifariki miguu mitupu, kitandani kwake.

Zamu yangu ya kupumzika ilipofika, Mkurugenzi Mkuu, kiongozi wa chuo chote, aliniomba barua ya kuaga. "Kwa mkono wako, Mzee," akasema, "tuiweke ndani ya dosye yako." Nikakaa juma zima. Mke wangu aliniona nikiamka, nikipiga pasi shati, nikikaa mezani na kalamu, shati likikunjamana bila kazi. Nilipata mistari miwili. "Nimefanya kazi katika chuo hiki. Ninawashukuru wakubwa zangu wote."

Mwajuma, aliyekuja Kasongo kwa shughuli za kituo chake, alipita kutusalimia akiwa njiani kutoka sokoni. Mke wangu, mchongezi, akampa karatasi ile. Aliisoma, hakucheka. Alivuta kiti karibu na changu.

"Papa," akasema, "hapa nyumbani, nani haiko anacheka tena?"

Kisha akanyamaza. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kwa wengine, nikadhani nitaustahimili ule ukimya. Kwa jirani mtu alikuwa akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, nikahesabu mapigo ya mchi. Sikufika ishirini.

"Mimi," nikasema.

Alinyoosha mkono kuchukua kalamu, nikamzuia. Nikamkumbusha kwamba sheria ni sheria, barua ya mkono inaandikwa na mwenyewe. Akatabasamu, akanisukumia karatasi mpya, akabaki amekaa pale. Nikaanza na siku ile ya matope.