Mablanketi Mawili ya Dada Kulwa

Kipindi cha corona niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba kile kibastola cha kupimia joto kwenye paji la uso kinafuta kumbukumbu. Mtaani kwetu Mirongo walisema yupo fundi saa aliyepimwa mara moja tu, akarudi nyumbani akamwamkia mkewe shikamoo. Na mimi nilikuwa nimesota miaka minne shule ya jioni, natoka kiwandani Nyakato naenda kukokotoa aljebra huku nasinzia. Cheti hata vumbi hakijashika, halafu mtu aninyooshee bastola zifutike kanuni zote? Thubutu!

Siku moja, saa moja na dakika kumi asubuhi, nilikuwa nafunga kamba za viatu, simu ikaita. Shemeji Masanja, kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Dada yangu Kulwa, fundi cherehani ambaye akianza kuongea hata injini ya kivuko haisikiki, alikuwa amedondosha mkasi.

"Mkono wa kulia umelegea sasa hivi, mdomo umekwenda upande," alisema Masanja. "Namleta hospitali huko mjini. Kivuko kinakaribia kuondoka."

"Usithubutu, shemeji! Siku hizi ukifika unaumwa chochote, wanakulaza na wa corona. Mfukize kwanza. Nakuja."

Mimi ndiye msomi wa ukoo. Masanja akatii.

Saa tatu nilivuka. Katikati ya ziwa mama mmoja alikohoa, abiria wote tukakimbilia upande mmoja, kivuko kikataka kulala kama ng'ombe. Nilicheka sana. Sikucheka tena siku ile.

Saa nne, Kamanga. Dada alikuwa amefunikwa juu ya sufuria ya mwarobaini na mchaichai, inafuka mvuke. Nikamfunua.

"Shikamoo, dada."

Kwa kawaida marahaba yake huja na masimango mawili. Safari hii ilitoka sauti tu, haina neno ndani yake. Macho yalinitazama, yanaelewa kila kitu. Mkono wa kulia ulining'inia kama wa kuazima.

"Sasa twende?" Masanja aliuliza.

"Twende. Ila jasho lisikatike." Nikamzungushia mablanketi mawili.

Kivuko kilikuwa kimeshatuacha. Tukasubiri kingine, tukapanda saa tano na nusu, jua la ziwani likituchoma. Njia nzima Dada aliyasukuma mablanketi kwa mkono wa kushoto. Njia nzima mimi niliyarudisha.

Saa sita na nusu, getini hospitalini. Nesi akamwelekezea Dada kile kibastola. Kikalia.

"Ana homa. Hema la kushoto, la washukiwa wa corona."

"Sista, hii si corona! Mkono wake haufanyi kazi!"

"Wote mnasema si corona. Kushoto. Na wewe lete uso."

Nikafumba macho, nikapimwa.

Daktari, amejifunika kuanzia utosini hadi kwenye viatu, alimfikia saa nane. "Mama, inua mikono yote miwili." Ukainuka mmoja.

"Ni kiharusi. Kilianza saa ngapi?"

"Saa moja na dakika kumi," nikajibu. Nilikumbuka hata kamba ya kiatu niliyokuwa nafunga. Akatazama saa yake, akaandika.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumchukua tumrudishe Kamanga. Maneno yalikuwa yamerudi, moja moja. Mkono haukurudi. Masanja alikuwa amemleta hadi getini, na nesi alikuwa yule yule. Aliponielekezea kibastola nikafumba macho tena.

"Kwani unaogopa nini, kaka?"

Nikamwambia. Yote, hadi fundi saa wa Mirongo.

Dada, mkono wa kulia ameushikilia kwa wa kushoto, akasema polepole, "Na aljebra... bado... unayo?"

Nesi hakucheka.

"Kaka, hiki kinapima joto, basi. Dada yako hakuwa na homa, ninyi ndio mliomchemsha. Na mkono ukilegea ghafla vile, mgonjwa analetwa dakika hiyo hiyo, corona iwepo isiwepo. Mngempandisha kivuko cha asubuhi."