Namba za Kuanzia Hazirithiwi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa kompyuta. Mkuu wa kitengo cha takwimu, ambaye kila mtu alimwita Muzee, alinipa karatasi ya miraba, penseli, na vipimo vya mihogo ya kituo chetu cha utafiti wa kilimo, kwenye barabara ya Kavumu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu na kichwa kimejaa Kifaransa. Nikauliza nifanye nini.

"Weka mapoints, kisha uangalie," alisema. "Kama haujaangalia, usiguse mashine yangu."

Kazi yetu ilikuwa kutafuta mstari uliopinda unaopita vizuri kati ya nukta hizo. Mstari ulionyooka hauna taabu, jibu lake linapatikana mara moja. Uliopinda una ukaidi wake. Lazima uipe mashine namba za kukisia, nayo izirekebishe kidogo kidogo hadi makosa yasipungue tena. Hizo tuliziita valeurs initiales, yaani namba za kuanzia. Muzee alinieleza kwamba ni sawa na mtu anayeshuka kutoka milima ya Walungu kwenye ukungu akitafuta ziwa. Hana macho, anafuata mteremko anaousikia miguuni. Akianzia pabaya ataingia kibondeni, aone ardhi haishuki tena, na aseme amefika. Huko kutulia, pazuri au pabaya, tulikuita kuconverger.

Kwa ugonjwa unaoenea shambani, namba zilikuwa tatu. Dari ni sehemu ya shamba ambayo ugonjwa utaishika kabla ya kukoma. Katikati ni wiki unapofikia nusu ya dari hiyo. Kasi ni ukali wa kupanda kwake. Dari tuliikisia kwa jicho, juu kidogo ya pale nukta zinapoelekea kutulia. Katikati tuliisoma kwenye karatasi. Kasi tuliipata kwa rula. Halafu tulianza upya kutoka mahali pengine, na pengine tena, tuone kama njia zote zinafika kwenye ziwa lile lile. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna aliyewahi kupigiwa makofi kwa ajili yake.

Muzee akafa. Namba zake za mwisho zilibaki kwenye kona ya ubao, kwa chaki, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Maman aliyesafisha ofisi alifuta ubao wote akiizunguka kona ile, kama unavyofagia kuzunguka miguu ya mgeni. Mkuu mpya wa kitengo, mtu mpole na mcha Mungu, aliagiza kila hesabu ianzie hapo. Kwetu neno la marehemu halipingwi, na hata mimi nilimpenda Muzee.

Kisha kirabiranya ikaingia, ule mnyauko unaogeuza majani ya mgomba kuwa manjano na kuozesha ndizi kabla hazijakomaa. Dada yangu mkubwa, Nsimire, alikuwa na migomba yake Kavumu. Kasiksi, pombe iliyotoka kwenye ndizi zile, ndiyo iliyonisomesha, na yeye alipofiwa na mumewe hakuwa na kitu kingine duniani. Swali lilikuwa moja: wakulima wang'oe yote mapema, au wakate iliyougua tu na kungoja?

Kutoka namba za Muzee, mashine ilitoa dari ya chini: ngojeni, ugonjwa utakoma wenyewe. Nikachora nukta, nikaanzia juu zaidi. Makosa yakapungua, na dari ikapanda hadi karibu shamba zima. Nikampelekea mkuu.

"Mugisho," aliniuliza, "ile ya Muzee iliconverger ao haikuconverger?"

"Iliconverger, chef. Lakini ilikwama mu kabonde."

"Iliconverger, basi. Mutu amekufa juzi, na wewe unataka kufuta mukono wake?"

Neno likatoka: ngojeni. Nikapanda hadi Kavumu kumsihi dada ang'oe. Akasema, "Ku biro yenu kuko batu mingi. Wewe uko mumoja." Akangoja. Migomba ikaisha yote, na ya majirani vilevile. Nililia mbele yake pale shambani, wala sioni haya kulisema.

Miaka ilipita, mkuu yule akahamishwa, nami nikapewa kiti chake. Jambo la kwanza nilifuta kona. Kila msimu tulichora upya, na vijana walinung'unika kwamba Papa Mugisho anapenda penseli kuliko mke wake. Msimu wangu wa mwisho ugonjwa ulikuwa umelala, kwa sababu akina mama walikuwa wakivunja maua dume kwa kijiti ili wadudu wasiusambaze. Dari ya chini ilikuwa ya kweli mwaka ule. Niliandika namba tatu ubaoni, nikapewa saa ya ukutani na soda, nikarudi nyumbani Nguba.

Mwezi uliopita Nsimire alinipigia simu. Migomba aliyopanda upya ilikuwa inageuka manjano. Nikaenda ofisini. Mkuu wa sasa ni ingénieure Ansima, niliyemfundisha mwenyewe kushika rula. Alinipokea kwa mikono miwili na kunionyesha ubao. Kwenye kona kulikuwa na namba zangu tatu, zimezungushiwa chaki nyekundu.

"Mulichora mapoints?" nikauliza.

"Tuchore tena ya nini, Papa? Valeurs zako ziko pale. Inaconverger kila mara."

Alisema kwa heshima tupu. Afadhali angenitukana. Nikazifuta kwa kiganja changu, naye akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mzee anayeanza kupotelewa na akili. Nilipofika koridoni nikasikia chaki ikiandika. Alikuwa anazijua kwa moyo.

Umri wangu wote nilifundisha kuangalia, na kilichobaki ni namba. Sijui ningefundisha kwa njia gani nyingine. Wanaosema kazi nzuri haipotei hawajawahi kustaafu.

Nikaendelea hadi Kavumu. Dada alikuwa ameketi kando ya migomba yake, mkono shavuni.

"Ng'oa yote, dada. Hata ile inaonekana muzima."

"Radio imesema tungojee."

"Radio imekosa."

"Banasema ni hesabu ya Mugisho, mudogo wangu. Ile mara ya kwanza nilikataa kukusikia, nikapoteza yote. Leo nikatae tena?"

"Dada, Mugisho ni mimi. Niko hapa mbele yako."

Aliniangalia kwa upendo, akanimiminia kasiksi.

"Kunywa, upumzike," alisema. "Wewe uko muzee sasa, umechoka. Ile hesabu ulifanya wakati ulikuwa na akili yako."