Ramani Haijui Kuwa Tumehama

Aliyenipeleka Mpanda ni Baba Kristina, jirani yangu hapa Majimoto. Tulipopakiwa kwenye malori kuletwa kijijini, kila mtu alionyeshwa jaruba lake, na mpaka wetu ukawa mstari wa mikonge. Mwaka huu kaing'oa mikonge, kaipanda katikati ya jaruba langu, halafu ananisalimia kama kawaida. Nusu ya mpunga wa wanangu imekwenda hivyo hivyo. Nikaapa namleta mpimaji kutoka Mpanda.

Alfajiri nilipanda lori la mahindi. Katika pori la Katavi inzi wa ndorobo walituuma mpaka soga zikaisha. Tulipofika Sitalike dereva alishuka kula, sisi tukamwangalia akila.

Jioni nilifika Misunkumilo, hapo hapo Mpanda, kwa shemeji yangu. Akanipa wali na sabuni, nifue shati, maana ofisi ile haisikilizi mtu mchafu. Shati nikafua.

Asubuhi, ofisi ya ardhi. Bwana ramani alikunjua karatasi kubwa, akatembeza kidole juu yake, akaniambia kwamba pale ninaposema ni kwangu ni pori tupu. Anuani yangu ni kijiji cha zamani, na barua za ofisi wanazipeleka huko huko. Huko siku hizi wanakaa fisi. Sijui nani huwasomea.

"Lakini ndugu," nikamwambia, "si serikali ndiyo iliyotuhamisha?"

"Waliowahamisha ni idara nyingine," akajibu. "Sisi ni ramani."

Damu ilinichemka, lakini shida ilikuwa yangu. Nikamwomba aje tu apime, mikonge irudi, nisimsumbue tena. Akasema kupima hakumshindi, ila kabla hajashika kamba lazima aandike taarifa kwamba kaya mbili zimekutwa nje ya kijiji chao.

"Wakiisoma," akasema, "wataleta lori."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekukaribisha chai. Nikamshukuru! Mtu mzima mimi, nikamshukuru, nikatoka mbio.

Njia nzima ya kurudi sikuwahisi ndorobo. Majimoto nilimkuta Baba Kristina barabarani ananisubiri, anacheka, ananiuliza mpimaji nimemficha wapi. Nikamweleza yote: kwamba kwenye ramani hata yeye hayupo, na mpimaji akija tutapakiwa wote wawili. Kicheko kikakatika. Safari ile ya kwanza ya kuhamishwa walimchomea nyumba, ghala likiwa limejaa.

"Usiwalete," akasema. "Watatuhamisha tena ili tufanane na karatasi yao."

Kabla jua halijazama alikuja na jembe. Tukairudisha mikonge pale pale ilipokuwa, yeye anachimba, mimi nashindilia udongo. Hakuomba msamaha, nami sikumdai. Wote tulikuwa tunaogopa.

Nilichojifunza Mpanda ni kwamba jirani mwizi unaweza kukaa naye, mradi ofisi isijue mnakaa wapi. Kwa hiyo nyie mnaosoma haya, mkipita Majimoto tutawapikia wali, mle mshibe. Ila mkifika mjini, msiseme mlitukuta.