Redio Kiunoni mwa Bev

Wewe. Ndiyo, wewe unayesema mtaa wa maduka wa Hebworth umekufa. Umeuona lini mara ya mwisho? Ulipita na gari, ukaona uzio wa mafundi wa bomba, ukageuza, ukaenda kununua kule nje ya mji, halafu ukaandika mtandaoni kwamba inasikitisha. Inakusikitisha nini na hata garini hukushuka? Maduka yalikuwa wazi, wiki zote za uzio huo. Msikilize kwanza Bev Ormerod, halafu ukitaka endelea kulalamika.

Bev ana miaka hamsini na nane na ndiye msimamizi wa mtaa. Cheo kizuri, kazi ya punda. Taa ya barabarani ikizimika, anaitwa Bev. Njiwa wakichafua mlango wa benki, Bev. Asubuhi anamwagilia vikapu vya maua vinavyoning'inia kwenye nguzo, na maji lazima yamdondokee Clive wa bucha, na Clive lazima atukane. Kiunoni Bev ana redio ya upepo, na kila duka lina yake. Si ya porojo. Ni ya kuambiana mwizi ameingia wapi, kavaa nini, anakimbilia wapi. Ukibonyeza kitufe mtaa mzima unakusikia. Sheria aliiweka Bev mwenyewe: sema, achia, nyamaza.

Wiki ya sita ya uzio, Jumatatu, mzee Wilf Entwistle wa duka la sufu alimwambia kwamba Jumamosi anamrudishia mwenye nyumba funguo. Basi. Miaka arobaini na moja ya kuuza nyuzi na vifungo, imetosha.

Bev hakulala vizuri. Wilf akiondoka, mgahawa wa Rukhsana pale jirani hauna maisha, maana wanawake wa sufu ndio wanywaji wa chai wa Rukhsana. Na mgahawa ukifunga, tena nani atavuka barabara kuja upande ule? Lakini kusema kweli, si hesabu tu iliyomnyima usingizi. Alimpenda yule mzee.

Alhamisi asubuhi, mvua inanyesha, akaingia dukani kwa Wilf. Akaegemea kaunta kama kawaida yake.

"Mzee Wilf, nipe wiki moja tu. Uzio unatoka."

"Bev mwaya, wiki iliyopita pia ulisema wiki moja."

"Wiki iliyopita mafundi walinidanganya."

"Na wiki hii?"

"Wiki hii wamenidanganya vizuri zaidi."

Wilf akachekea puani, akaendelea kupanga vifungo kwenye kisanduku.

"Watu watarudi," Bev akasema. "Mbona kwa Clive wanarudi, na mdomo wake ule?"

"Clive hana haya."

"Hana. Lakini ile Krismasi mtambo wa joto wa kanisa ulipoharibika, nani aliwakaangia soseji wazee wote waliokuwa wanapigwa baridi? Yeye. Akaniapisha nisimwambie mtu. Miaka minne nimetunza siri hiyo. Na Rukhsana, keki zake za zabibu ni mawe, meno yangu ni shahidi, lakini mvua ikinyesha hafungi mpaka mteja wa mwisho apate basi. Mtaa una watu, mzee. Usituache."

"Na sufu atanunua nani?"

"Mimi! Kila Ijumaa sinunui?"

Wilf akaweka kisanduku chini. "Hapo sasa. Miaka sita unanunua, sijakuona hata na soksi moja uliyofuma. Unafuma nini wewe?"

Bev akatazama dari. Akatazama mlango.

"Sijui kufuma."

"Hujui?"

"Hata sindano sijui inashikwaje. Kabati limejaa. Mume wangu akilifungua anaangukiwa."

Wilf alicheka mpaka akashika ukingo wa rafu. Halafu kicheko kikaisha, akabaki anafuta miwani muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Si biashara, Bev. Biashara nimeiona mbaya kuliko hii. Ni kimya. Tangu mke wangu Doreen afariki, watu wangu wa kuongea nao ni wateja. Wiki iliyopita, kuanzia Jumanne mpaka Alhamisi, hakuna hata aliyeniambia habari ya asubuhi. Nikifika nyumbani nakohoa, nisikie kama sauti bado ipo."

Bev akahesabu Ijumaa zake. Kila Ijumaa alikuwa akiingia humu dakika tatu, ananyakua uzi, anatoka mbio. Alidhani anamsaidia. Kukaa hakuwahi kukaa hata siku moja.

Kengele ya mlango ikalia. Clive huyo, aproni ina damu, nywele zinachuruzika maji.

"Bev, kiuno chako kinatangaza!"

"Kinatangaza nini?"

"Redio, mama! Umeibana na kaunta. Mtaa wote umesikia, mpaka benki!"

Bev akaruka nyuma kama kaunta imemuuma. Kitufe kikaachia, na papo hapo redio ikapasuka kwa sauti ya Rukhsana: "Mawe, Bev? MAWE?"

Uso wa Bev ukawa mwekundu kuliko nyama za Clive. "Clive, ile habari ya soseji..."

"Soseji gani? Sijui soseji yoyote." Akampita, akaenda mpaka mbele ya kaunta, akafuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha. "Mzee Wilf, habari ya asubuhi."

Wilf akaupokea. "Nzuri, Clive. Nzuri sana."

Rukhsana akaingia na sinia la chai na keki zake. "Haya hapa mawe. Kila mtu atakula mawili." Wakaja wasichana wawili wa benki, akaja mwenye duka la viatu, kila mmoja na habari ya asubuhi yake, mpaka duka likawa halina pa kuweka mguu. Hakuna aliyehutubia. Clive ndiye aliyesema, "Haya mzee, mfundishe huyu mwongo kufuma. Na mimi nifundishe, nimuone nani atacheka." Wilf akashusha sindano mbili nene, akashika vidole vya Bev na kumuonyesha kitanzi cha kwanza. Kikafunguka. Wakaanza tena.

Jumamosi Wilf hakurudisha funguo. Amesema anabaki mpaka Pasaka, halafu ataona. Usiniulize zaidi, hajasema zaidi. Mafundi walidanganya tena, lakini siku tisa baadaye uzio ulitoka. Bev alipita duka kwa duka, redio kaiacha ofisini, akamshika kila mtu mkono na kusema asante. "Asante ya nini?" wakamuuliza. Clive akamwambia aache kuzuia foleni. Bev akatoka analia na kucheka, na amefuma kitambaa cha sentimita kumi na mbili kilichopinda kama barabara ya mlimani, na anamwonyesha kila mtu.

Sasa kila Alhamisi watu wanakaa kufuma kwa Wilf, na shida iliyopo ni moja: viti havitoshi. Rukhsana ametoa vyote alivyoweza. Kwa hiyo nakuomba, kama una kiti imara ambacho hukalii, kipeleke Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi. Na usikiache mlangoni ukakimbia. Ingia nacho, ukikalie.