Jina Lililokunjwa Ndani

Jambo lote lilitugharimu bangili mbili za mke wangu, vijiko vitatu vya damu, kimoja kutoka kwa kila mmoja wetu, na miezi minne ya kungoja. Nimehesabu mara mbili. Tulichopewa badala yake ni karatasi tatu, na ya tatu haikuwa na kitu ila sahihi.

Binti yetu alikuwa ametimiza miaka mitano na hajasema hata neno moja. Anasikia. Anacheka. Ukificha halua, anakwenda moja kwa moja ulikoificha. Lakini neno, hapana. Nyumbani Kuze, mama yangu alikuwa na jibu lake: "Babu yako hakunena mpaka miaka sita, na aliponena hakunyamaza tena. Mwacheni mwana." Tulimshikilia babu huyo hadi akachakaa.

Daktari wa mambo ya jeni, aliyetuketisha sote watatu kutusomea majibu ya damu, alikuwa mwanamke wa bara, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza kanga Biashara Street. Akasogeza karatasi kando, akasema, "Basi wewe utanielewa upesi kuliko wengi." Nilipaswa kushtuka. Mtu akikusifu kabla ya kutaja bei, shika mfuko wako.

Akanieleza kwamba kila seli ya mwili ina uzi mrefu ulioandikwa maagizo ya kumjenga mtu, na kila agizo huitwa jeni. Uzi ni mrefu mno kwa chumba kidogo kama kile, kwa hivyo umezungushwa kwenye vibiringo vya protini, ukabanwa. Uzi na vibiringo vyake, kwa pamoja, ndiyo kromatini. Palipobanwa sana hapasomeki. Ziko protini nyingine ambazo kazi yao ni kusukuma vibiringo, kulegeza hapa na kubana pale, ili jeni inayotakiwa isomwe kwa wakati wake. Seli ya ngozi na seli ya ubongo zina uzi ule ule. Tofauti ni wapi pamefunguliwa.

Hapo nikaelewa, na sikutaka kuelewa. Kanga ina jina, yale maneno yaliyopigwa chapa karibu na pindo. Mteja hanunui rangi peke yake. Huuliza, "Na hii, jina lake lasemaje?" Ikikaa rafuni imekunjwa, jina limo, lakini halimwambii mtu kitu. Nimewahi kukaa na doti za jina tamu mwaka mzima haziuziki, kumbe nilizikunja maandishi ndani.

"Kwa hivyo maneno yake yamo," nikasema. "Mkunjuaji ndiye hayupo."

"Yupo nusu. Mtoto ana nakala mbili za jeni inayotengeneza protini hiyo. Moja imekosewa herufi moja, haitoi kitu. Protini anayopata ni nusu ya inayohitajika."

Nusu! Moyo ukanirudi. Nusu ni mahali pa kuanzia mazungumzo.

"Daktari, doti ni kanga mbili. Ukiikata, moja yavaliwa vilevile. Nusu haitoshi?"

"Kwa jeni nyingi ingetosha. Kwa hii haitoshi."

"Basi tutafutie hiyo nusu ya pili. Vidonge, sindano, yoyote."

"Haiuzwi, baba. Inatakiwa ndani ya seli zenyewe, na ilitakiwa tangu ubongo wake ulipokuwa ukijengwa tumboni."

"Ng'ambo je?"

"Hata ng'ambo."

Nikainuka. Mke wangu akanivuta shati: "Keti! Wenda wapi?" Yalikuwa mazoea tu. Muuzaji akikukatalia, unaondoka polepole, ukingoja kuitwa. Nikafika mlangoni. Nikashika kitasa. Sikuitwa. Nilipogeuka mwenyewe, daktari alikuwa akifuta miwani, mke wangu alikuwa akilia, na binti yangu ameshabeba mkoba wa mamake, akidhani twaenda.

"Atasema?" nikauliza.

"Wengine husema, kwa kuchelewa. Wengine hupata maneno machache. Wengine hawasemi. Siwezi kukuahidi."

Hata upande wa kulaumu hatukupata. Damu yangu haina kosa lile, ya mke wangu haina. Limezuka kwake mwenyewe. Mama yangu alisikia hayo, akauliza tena, "Lakini hasa latoka upande gani?"

Sasa tuna mwalimu wa matamshi. Ametwambia tuchague neno moja, tulitamke kila mara pamoja na kitendo chake, na tusilibadilishe.

"Mawili?" nikamuuliza.

"Moja."

"Moja na nusu?"

Hakucheka.

Mke wangu ataka "mama". Mama yangu ataka "maji", kwa kuwa kiu haingoji. Mimi nataka "sitaki", maana nawajua watu: asiyeweza kusema sitaki hunyang'anywa hata alichonacho. Lakini najua pia kwamba "sitaki" halimpi mtoto maji. Wiki tatu zimepita, kila mtu anamtamkia neno lake, na yeye anatutazama midomo, mmoja mmoja, kwa makini sana. Mwalimu ametukanya: tukichanganya hivi, tunampotezea muda.

Wewe uliyelea mtoto aliyekawia hivi, naye akapata walau neno moja, mlianza na lipi? Niambie. Kwa hili sibishani.