Jina la Kuazima

Wasomaji wangu wachache huniuliza kwa nini watu wa hadithi zangu hawana majina. Mpishi ni mpishi, bibi harusi ni bibi harusi, mwizi ni mwizi tu. Wapo wanaosema ni maringo ya uzee. Mmoja aliniandikia kwamba ni uvivu mtupu. Huwa sijibu, maana jibu lenyewe ni la zamani na halinipambi.

Miaka ya hamsini nilikuwa dresa katika zahanati ya Garsen. Nilizaliwa Kipini, kwa watu wanaokucheka ukiteleza neno moja, nikapelekwa mahali ambapo kila mtu ana lugha yake nyumbani na Kiswahili hukitoa nje kama mwavuli, anapokihitaji. Kazi yangu ilikuwa kusafisha vidonda, kugawa kwinini na kuandika wagonjwa katika rejista. Sikuwa na mke, wala ndugu wa karibu. Mto ukifurika, barabara ilikatika na barua hazikuja. Adhuhuri, wagonjwa wakishaondoka, nilikuwa nikizungumza na chupa za dawa. Nilikuwa mpweke, na leo sioni haya kulisema. Wakati ule niliona haya, ndiyo maana nikaanza kuandika hadithi, kwa kuwa mtu anayeandika huonekana ana shughuli.

Hadithi zenyewe hazikunipa taabu. Taabu ilikuwa majina. Nikitumia majina ya Kipini, niliwasikia shangazi zangu wakiulizana nimemsema nani. Nikibuni la kwangu, mtu wangu alikaa kama aliyevaa kanzu ya mwenzake. Basi nikafanya ujinga ambao dresa tu angeweza kuufanya: nikafungua rejista ya wagonjwa nikachagua humo. Hadithi ya kwanza ilimhusu mkulima mzembe aliyekimbiwa na mkewe. Nilimpa mwalimu wa shule aisome, na mwalimu, ambaye hakujaliwa siri wala sauti ndogo, akawasomea watu waliokuwa wakingoja kivuko.

Wiki haikuisha, mkulima mmoja wa Kulesa akashuka kwa mtumbwi hadi mlangoni pangu. Nilikuwa nimempasua jipu mwezi uliotangulia, na jina nililolichukua lilikuwa lake.

"Bwana dresa, mke wangu amekimbia lini?"

"Hajakimbia, mzee. Ile ni hadithi tu."

"Mimi nimemwacha nyumbani anapika. Njia nzima watu wananipa pole! Ukitaka mjinga, andika jina lako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu siku hiyo nikawa naacha nukta mahali pa jina. Hadithi iliyofuata ilikuwa ya kijana mchunga ng'ombe aliyepeleka mifugo mbali, upande wa juu wa mto, wakati wa ukame, na sasa anarudi kwao. Nukta zangu zilichunga, zikala, zikalala, lakini hazikupumua. Nilikaribia kulichana daftari.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kiorma aliyeniletea maziwa kila asubuhi kwa kibuyu kilichofukizwa moshi. Alikuwa mtu pekee aliyeingia zahanati bila kuumwa. Siku moja alinikuta nimeinamia daftari, akaweka kidole juu ya nukta.

"Hii nini?"

"Ni mahali pa jina, mama. Kijana huyu bado sijampatia jina."

"Kijana nafanya nini?"

"Anachunga ng'ombe. Anarudi nyumbani."

Akaondoa kidole, akasema, "Mimi iko na jina."

Lilikuwa la mwanawe wa pekee. Alikwenda juu ya mto na ng'ombe, homa ikamshika, wenzake wakamzika huko huko. Hakuacha mtoto, na mama hakuliona kaburi.

"Sasa hakuna mtu naita jina yake," alisema. "Weka hapo. Lakini asikufe. Yeye nakufa mara moja. Mara moja natosha."

"Wallahi, mama, hafi," nikamwambia.

Nililiandika juu ya zile nukta, na kijana akainuka. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Mara nikajua kwamba mguu wake mmoja huchoka kabla ya mwingine, kwamba hapendi kuamshwa, kwamba akiitwa huitika mara ya pili. Nilimwambia mama hilo la mwisho, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mara ya tatu," akanisahihisha.

Kuanzia hapo kila asubuhi alitua kibuyu na kuuliza, "Leo iko wapi?" Nami nilimwambia: leo amelala chini ya mkoma, leo amepata tumbaku, leo ndama amevunjika mguu naye amembeba. Mama alisikiliza kwa makini, akinikatiza pale ambapo mwanawe asingefanya hivyo. Kisha alinimiminia maziwa yangu, akaongeza kidogo katika kikombe cha pili. "Hii ya yeye," alisema. Akishaondoka nilikinywa mimi.

Ningeweza kumfikisha kijana nyumbani kwa kurasa mbili. Sikumfikisha. Nilimpotezea ng'ombe, nikampa homa ndogo, nikamletea mvua, nikamrudisha nyuma siku tatu kutafuta fimbo. Nilijua kwamba siku atakayofika, swali la asubuhi litakwisha, na mama atamimina maziwa aende zake. Kijana wa watu nilimweka njiani kwa ajili yangu.

Kisha tamaa ikaniingia. Lilikuwapo gazeti la Kiswahili lililochapa hadithi, nikawapelekea. Wakanirudishia na barua fupi kwamba kijana anatembea sana na hakuna kinachotokea. Jumapili moja baada ya chakula nikaketi, nikamzamisha. Alizama pale Kulesa, akiwa anauona moshi wa boma la kwao ng'ambo. Ulikuwa ukurasa bora kuliko wote niliowahi kuandika, nami nilijua, na niliona raha. Nakiri hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Msidhani sikuikumbuka ahadi. Nilikata jina nikaweka jingine, kisha jingine, kisha la tatu. Kila mara aliyezama alikuwa mtu baki, na maji yalikuwa maji tu. Nikalirudisha lile la kwanza. Nikajiambia kwamba mama hajui kusoma, na nikatia bahasha posta.

Asubuhi zikaendelea kama kawaida. Yeye aliuliza, mimi nilijibu, na kikombe cha pili nilikinywa. Kwenye karatasi kijana alikuwa amekufa, na hapo mlangoni alikuwa anakaribia nyumbani. Mtu huzoea hata jambo kama hilo.

Gazeti lilipokuja, lilimfikia mwalimu kabla yangu. Mimi sikujua. Kesho yake mama alikuja saa ile ile, akatua kibuyu mahali pale pale.

"Leo iko wapi?"

"Ametoka Ndera, mama. Kesho kutwa atakuwa Kulesa."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani anangoja habari zaidi, nikaanza kumweleza juu ya ndama.

"Jana mwalimu nasoma kwa kivuko," alisema. "Mimi nasikia jina ya mtoto wangu. Nafurahi. Nasogea karibu. Halafu maji nachukua yeye, mbele ya watu yote."

Rafu nzima nyuma yangu ilikuwa ya dawa, na hakuna iliyofaa.

"Dresa, rudisha jina yangu."

Nilinyakua daftari, nikamwambia nitalifuta, sasa hivi, mbele yake.

"Na kwa karatasi ya watu yote? Nafuta pia?"

Hakungoja jibu. Alinimiminia maziwa yangu kipimo kile kile, hakupunguza hata tone. Kikombe cha pili alikiinua, akakifuta kwa ncha ya nguo yake, akakirudisha kikavu. Kisha akabeba kibuyu akatoka, na hakurudi tena. Nilikuwa nikisikia wanawake wengine wakipita na maziwa, nikitoka mlangoni kuangalia, na wao wakiangalia mbele.

Niliandika mwisho mpya. Ndani yake kijana anavuka, anafika, anaitwa mara tatu ndipo anaitika, na mama anampokea fimbo mkononi. Ilinichukua siku nyingi, kwa sababu nilikuwa naogopa kwenda. Nilipopiga moyo konde nikaenda bomani kwao na daftari chini ya kwapa, mvua zilikuwa zimeshanyesha bara, nao walikuwa wamehama na ng'ombe wao. Palibaki uzio wa miiba, samadi na majivu. Nilimwita mama kwa sauti, mtu mzima nikipiga kelele peke yangu nyikani. Kabla hawajarudi mtoni, nikahamishwa kutoka Garsen.

Daftari ninalo mpaka leo. Humo kijana amefika kwao, ila mama hakusikia, na mimi siwezi kuhesabu kwamba huko ni kufika. Jina lake sitaliandika hapa wala popote. Mama alitaka liitwe, na hilo tu ndilo ninaloweza kumfanyia. Kila asubuhi ninapomimina maziwa kwenye chai huliita kwa sauti, kisha husema yuko wapi. Leo nimesema ametoka Ndera. Nimekaa kidogo na kikombe mkononi, lakini hakuna aliyeniuliza.