Siku Uji wa Nduta Ulipochacha

Ukitaka kumkasirisha Nduta wa Gatitu, mwambie uji wake hauna ukali. Ameuza uji wa kuchachusha miaka thelathini, na mimi jirani yake naunywa kila siku ila Jumapili. Ulimi wake ni mkali kuliko huo uji, nasi wateja tumezoea vyote viwili.

Mwaka huu mumewe, Gikonyo, alipata kidonda mguuni kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Hanan, mtafiti wa mjini Nyeri, akawaingiza katika utafiti wake. Mzee alipewa bandeji zenye chembe za madini ya fedha, ndogo zisizoonekana kwa macho, za kuua vijidudu. Nduta akapewa ndoo iliyopakwa chembe hizohizo ndani, ya kuwekea maji ya kuoshea kidonda.

"Maji pekee, Shosho," Hanan alisisitiza, akimwita bibi kwa heshima.

Lakini ndoo nzuri vile, yenye kifuniko kinachobana, Nduta aiachie maji? Alikorogea uji humo. Uji ukakataa kuchacha. Mwingine angekata tamaa, ila yeye kila asubuhi aliacha masalia chini ya ndoo, akaongeza unga mpya juu yake, kama alivyofundishwa na mamake.

"Hii ndoo itajua mimi ni nani," alituambia. Tulicheka sana. Leo naona aibu.

Wiki ya saba uji ukachacha, mkali, wenye povu. Nduta alinipa kikombe cha bure, na Hanan alipokuja kumwona mzee, akamkaribisha kingine.

Hanan hakunywa. "Huu umetoka kwa ndoo gani?"

"Si ni ile yako! Ilikuwa imekataa, nikaibembeleza mpaka ikakubali."

Hanan aliondoka na ndoo pamoja na uji wake. Alirudi baada ya siku tisa, nikiwa nimeketi jikoni kwa Nduta. Alisema chembe za fedha bado zilikuwa nzima ndani ya ndoo. Vijidudu ndivyo vilivyozizoea, kwa sababu kila siku vilivyobaki hai ndivyo vilivyopewa unga. Na vijidudu hupeana mbinu, hata vya aina tofauti, kama majirani wanavyopeana moto.

"Lakini hivyo si ni vya uji tu? Si tunakunywa kila siku?" Nduta aliuliza.

"Vya uji havina neno, Shosho. Naogopa vile vya kidonda vikijifunza kutoka kwavyo. Nani humbadilishia mzee bandeji?"

Nduta alitazama mikono yake. Ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Imeanza kunuka tangu Jumanne," alisema polepole. "Mimi nilifikiria ni joto."

Hanan alivaa glavu, tukamfuata chumbani. Mzee alitusalimu kwa furaha, akanyoosha mguu. Kabla mkunjo wa pili wa bandeji haujafunguliwa, harufu ilitufikia sote. Niliingiwa na hofu. Nduta alificha mikono yake mgongoni.

"Mbona mmenyamaza?" Gikonyo akauliza.